Kisukari Nakivale: Sindano ni kila siku, chakula ni kwa bahati

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, zipo kaya ambazo siku yake haianzi kwa chai wala kwa jembe. Inaanza kwa tone la damu kidoleni, kama vipande vya kupimia sukari havijaisha, kisha sindano ya insulini tumboni au pajani. Jioni, kabla ya sufuria kutoka motoni, sindano nyingine. Ni hivyo Jumatatu hadi Jumapili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, chakula kikiwepo na kisipokuwepo.

Mtu anayechoma sindano mara mbili kwa siku huchoma mara 730 kwa mwaka. Mtoto aliyegunduliwa na ugonjwa akiwa na miaka minane atakuwa amepita sindano 7,000 kabla ya kufika miaka 18. Kwa familia yenye jokofu, duka la dawa jirani na mshahara wa mwisho wa mwezi, hesabu hiyo tayari ni nzito. Kwa familia inayoishi chini ya bati au turubai, mbali na hospitali ya rufaa, kila sindano hutegemea mambo manne kukutana siku moja: dawa, ubaridi, chakula na nauli.

Nakivale ilianza mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wamo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini. Wengi wao ni raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024 ina wanachama wanane. Anayetaka kuona jumuiya hiyo inavyoishi nje ya kumbi za Arusha anaweza kukaa asubuhi moja kwenye benchi la kituo cha afya cha Nakivale. Humo foleni ni moja, lugha ni nyingi, na sukari ya damu haiulizi mtu ametoka nchi gani.

Ugonjwa unaojificha nyuma ya malaria

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiruhusu sukari iliyo kwenye damu iingie ndani ya seli ili mwili upate nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho huacha kuitengeneza, na mgonjwa hawezi kuishi bila sindano. Katika aina ya pili, inayowapata zaidi watu wazima, insulini ipo ila haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Wengi wa kundi hili huanza na vidonge, lakini baada ya miaka baadhi yao nao huhitaji sindano.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 1.4 ya watu wazima walikuwa na kisukari, na karibu nusu yao hawakuwa wakijua. Kwa mtu mzima wa aina ya pili, kutojua kunaweza kuchukua miaka, macho na figo zikiharibika polepole. Kwa mtoto wa aina ya kwanza, kutojua huhesabiwa kwa wiki.

Dalili zenyewe zinafahamika. Mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kila saa, anaanza tena kulowesha kitanda ingawa aliacha zamani, anakonda huku akila. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walikuwa na kipimo chao: sisimizi wakikusanyika pale mtu alipokojoa, mkojo huo una sukari. Tatizo ni kwamba hatua inayofuata hufanana na magonjwa mengine. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, analegea, anapumua kwa nguvu na haraka. Katika eneo lenye malaria, wazo la kwanza ni malaria. Wengine hudhani ni minyoo, wengine husema mtoto amerogwa, na siku mbili zinapotea kwa mganga.

Kinachotokea ndani ya mwili ni kwamba seli zimekosa sukari na zinaunguza mafuta, na asidi inajaa kwenye damu. Pumzi huanza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ni dharura. Bila insulini na maji ya kutosha kwenye mshipa, mtoto hupoteza fahamu na kufa. Ndiyo maana wahudumu wa afya wanahimizwa kufuata kanuni moja rahisi: mtoto mgonjwa sana ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, au aliyepewa dawa ya malaria na hapati nafuu, apimwe sukari. Kipimo ni tone la damu na jibu hupatikana chini ya dakika moja.

Dawa hiyo si ngeni duniani. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, mjini Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alilazwa njaa ili aishi miezi michache zaidi. Wagunduzi wake waliuza hakimiliki kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa imfikie kila anayeihitaji. Zaidi ya miaka 100 baadaye, safari ya dawa hiyo kutoka kiwandani hadi kijiji cha Nakivale bado ina vituo vingi vya kukwama.

Chungu badala ya jokofu

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikiganda imeharibika hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana nzuri. Ikikaa juani au ndani ya gari lililofungwa inapoteza nguvu. Kwa mwenye jokofu, maelekezo hayo ni sentensi moja. Kwa asiye na umeme, ni kazi ya kila siku.

Njia inayotumika sana ni chungu. Chungu kidogo kinawekwa ndani ya kikubwa, katikati unajazwa mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, na juu kunafunikwa kitambaa chenye unyevu. Maji yakivukiza huondoka na joto. Dawa inafungwa kwenye mfuko wa plastiki au kopo lenye kifuniko ili isiloe, kisha inawekwa ndani. Chungu kikae kivulini, mahali penye upepo, mbali na mafiga. Hakifikii ubaridi wa jokofu, lakini kinapunguza makali ya joto la mchana.

Je, kinatosha? Jibu lenye uzito limetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waligundua kwamba linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo katika maabara kwa wiki nne na kupima insulini za aina mbalimbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa ilibaki na nguvu sawa na ile iliyokaa kwenye ubaridi.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mahali kama Nakivale. Mgonjwa aliyekuwa akilazimika kutembea hadi kituo cha afya kila siku kwa sababu dawa inahifadhiwa kwenye jokofu la kituo anaweza, akifundishwa vizuri, kukaa na chupa yake nyumbani kwa mwezi. Anaweza kwenda shambani au shule bila kupanga maisha yake kwa saa za kufungua zahanati. Sharti ni kuandika kwa kalamu tarehe chupa ilipofunguliwa, na kuiacha wiki nne zikipita.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowauma watu. Chupa ya kawaida ya mililita 10 ina uniti 1,000. Mtu mzima anayetumia uniti 30 kwa siku atatumia 840 katika siku 28, na kinachobaki ni kidogo. Mtoto anayetumia uniti 10 kwa siku atatumia 280 tu. Uniti 720 zilizobaki zinapaswa kuachwa. Kumwambia mama aliyekimbia vita na ambaye hajui kama kituo kitakuwa na chupa nyingine kwamba amwage dawa iliyojaa zaidi ya nusu ni kumwomba jambo gumu. Wengi wataendelea kuitumia, na sukari ikipanda hawatajua kama kosa ni la chakula, la kipimo au la chupa iliyochoka.

Macho husaidia kidogo. Insulini ya muda mfupi huwa angavu kama maji. Ikiwa na ukungu haifai. Ile ya mchanganyiko, inayotumika sana Uganda kwa sindano mbili kwa siku, huwa nyeupe kama maziwa. Inaviringishwa taratibu kati ya viganja bila kutikiswa, na ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo itupwe. Lakini insulini iliyoharibiwa na joto inaweza kuonekana haina kasoro, kwa hiyo mashine ya kupima sukari ndiyo shahidi wa kuaminika.

Hapo linajitokeza tatizo ambalo wasiougua hawalijui. Hata pale insulini inapotolewa bure, vipande vya kupimia mara nyingi havitolewi, na kila aina ya mashine ina vipande vyake. Mashine iliyotolewa kama msaada hugeuka pambo la kabatini vipande vyake vikikosekana madukani. Mgonjwa hubaki kukisia: mdomo mkavu, basi imepanda, mikono inatetemeka, basi imeshuka.

Sindano inapokutana na sufuria tupu

Insulini ya mchanganyiko huchomwa takriban nusu saa kabla ya kula. Ikishaingia mwilini hairudi. Inaanza kushusha sukari, iwe chakula kimefika au hakijafika. Kwa sababu hiyo, kwa mgonjwa wa kisukari, habari za mgao wa chakula ni habari za dawa.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Kuanzia mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa msaada kwa kuzipanga kaya katika makundi kulingana na uhitaji, na kiasi kikapunguzwa. Mwezi Mei 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba limelazimika kusitisha msaada kwa watu wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Katika hesabu za wafadhili hiyo ni pengo la bajeti. Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, ni swali la saa kumi na mbili jioni: nichome au nisichome?

Wengi hujibu kwa mantiki wanayoiona: bila chakula, hakuna sindano. Hofu yao ina msingi. Sukari ikishuka sana mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo hupiga mbio, hukasirika bila sababu, huchanganyikiwa, na mwisho huzimia au kupata degedege. Anayelala peke yake anaweza asiamke. Kinyume chake pia ni hatari. Mwili wa mgonjwa wa aina ya kwanza huhitaji insulini hata asipokula, kwa sababu ini huendelea kutoa sukari. Akiacha kabisa kwa siku moja au mbili, asidi huanza kujaa. Ushauri wa wataalamu ni kwamba siku ya chakula kidogo dozi ipunguzwe kwa maelekezo ya mhudumu wa afya na isiachwe kabisa. Ni vyema maelekezo hayo yakaandikwa kwenye kadi mapema, kabla njaa haijabisha hodi.

Aina ya chakula nayo ina uzito. Posho ya mahindi meupe hupandisha sukari haraka. Maharagwe hupandisha polepole na hushibisha. Sahani ambayo maharagwe na mboga, iwe dodo, lengalenga au sombe, vinachukua nafasi kubwa kuliko posho ni sahani bora kwa mgonjwa na kwa familia nzima. Isingiro ni wilaya ya matoke, na kipimo cha matoke au muhogo kinahitaji uangalifu ule ule wa posho. Kwa Wasomali mtihani ni chai: kumkatalia mgeni chai ya maziwa yenye sukari, au kuinywa bila sukari mbele ya wakwe, kunahitaji maelezo. Kwa Wakongomani mtihani ni fufu, kwani bila fufu mtu husema hajala.

Kazi ya kibarua inaongeza hesabu nyingine. Kulima shamba la mtu kuanzia alfajiri hushusha sukari, na wakati mwingine kushuka huko huja usiku, saa nyingi baada ya jembe kuwekwa chini. Mgonjwa anayekwenda kibarua anashauriwa kubeba sukari mfukoni. Vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300, vinatosha kumwinua. Angoje dakika 15, apime kama anaweza, kisha ale kitu kinachokaa tumboni. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, maana kinaweza kumpalia. Alazwe ubavu na akimbizwe kituo cha afya.

Barabara ya Mbarara

Kituo cha afya cha kijijini kinaweza kumpima mgonjwa, kumfundisha na kumpa dawa ikiwepo. Mguu ukioza, macho yakififia au mtoto akizidiwa, barua ya rufaa huandikwa kwenda Mbarara. Mji huo, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 1, 2020, una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa inayofanya kazi bega kwa bega na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Huko Ruharo iko hospitali ya macho inayojulikana kote kusini magharibi. Wagonjwa hufika Mbarara kutoka wilaya za Ankole na Kigezi, na wengine huvuka mipaka ya Rwanda, Tanzania na Kongo.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea na kupata huduma za umma. Mkimbizi na mwenyeji wa Isingiro hukaa foleni moja, na dawa ikikosekana hukosekana kwa wote wawili. Bohari ya taifa ya dawa hupeleka shehena kwenye vituo vya serikali kwa mizunguko ya miezi miwili. Kituo kilichoagiza chupa chache kwa sababu mwaka jana kilikuwa na wagonjwa wachache huzimaliza kabla ya mzunguko kurudi. Anayebaki bila dawa huambiwa akanunue, na hapo ndipo boda boda, teksi na bei ya duka la dawa la mjini vinapokutana na mfuko mtupu.

Mwaka 2020 ulionyesha jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Mwishoni mwa Machi, Uganda ilipopiga marufuku usafiri wa umma na kisha wa magari binafsi ili kuzuia COVID-19, mgonjwa aliyetaka kufika hospitali kwa gari alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Kwa wagonjwa wa insulini walioishi mbali na mji, marufuku hiyo ilikuwa na maana ya kuhesabu uniti zilizobaki kwenye chupa.

Kwa watoto na vijana kuna mlango mwingine. Mpango unaofadhiliwa na kampuni ya Novo Nordisk, ulioanza mwaka 2009 na ambao Uganda ni miongoni mwa nchi za mwanzo kuingia, hutoa insulini na vifaa bure kupitia kliniki maalumu. Umeokoa maisha ya wengi. Swali lake gumu huja kijana anapovuka umri uliowekwa: ugonjwa ni ule ule, sindano ni zile zile, lakini mlango umefungwa nyuma yake.

Wanasayansi nao wamegundua kwamba kisukari cha vijana wa Afrika hakifanani kila mara na kile cha vitabu vya Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha watu 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliogunduliwa wakiwa vijana na kuhesabiwa kuwa wa aina ya kwanza, ulikuta kwamba takriban theluthi mbili yao hawakuwa na alama za kinga ya mwili zinazotarajiwa. Mwaka huo huo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo wa utotoni. Kwa mahali panapopokea watoto waliokua katika njaa ya vita, hilo ni jambo la kufuatiliwa kwa karibu.

Namba moja, maana mbili

Benchi la Nakivale linafundisha pia kwa nini lugha ni sehemu ya tiba. Mganda atasema ana sukaali, Mnyarwanda na Mrundi watasema diyabete, Msomali atasema sonkorow. Mhudumu, ambaye hapa wengi humwita musawo, anaweza kuwa Mnyankole anayezungumza na mama wa Kivu kupitia mtoto wa miaka kumi. Kiswahili ndicho kinachoshonea mazungumzo hayo mara nyingi. Mama akisema, "Musawo, mtoto amekula nusu tu," na musawo akaelewa kwamba nusu hiyo ni baada ya sindano, maisha yanaweza kuokolewa hapo hapo.

Lakini hata Kiswahili kinahitaji uangalifu. Kadi ikiandikwa 7, je, ni saa saba au saa moja? Saa moja asubuhi na saa saba mchana ni tofauti ya saa sita, na kwa insulini hizo ni nyingi mno. Anayeandika kadi aandike "kabla ya chakula cha asubuhi" badala ya namba peke yake.

Vipimo ni mtego mwingine. Uganda na Kenya husoma sukari kwa milimoli, wakati Kongo, Rwanda na Burundi mara nyingi husoma kwa miligramu. Namba ya miligramu ni kubwa mara 18. Mgonjwa aliyeambiwa kwao kwamba ana 250 akipimwa Uganda na kuambiwa ana 14 anaweza kufurahi na kuacha dawa, kumbe sukari haijashuka hata kidogo.

Bomba la sindano nalo lina hesabu yake. Insulini ya kawaida ina uniti 100 kwa mililita na bomba lake huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa. Bado kuna mahali duniani panapotumika insulini ya uniti 40, yenye bomba la kifuniko chekundu. Akivuta dawa ya uniti 100 kwa bomba la uniti 40 hadi alama ya 10, mgonjwa amejichoma uniti 25, yaani mara mbili na nusu ya dozi yake. Kwa mtoto, kosa hilo linaweza kuua. Mtu aliyevuka mpaka na vifaa vya zamani anapaswa kuvionyesha kwa mhudumu kabla ya kuvitumia na chupa mpya.

Mabomba yaliyotumika yawekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kituoni. Bomba la mtu mmoja lisitumiwe na mwingine kamwe, hata ndugu wawili wa nyumba moja wakiwa wagonjwa. Na sehemu ya kuchoma ibadilishwe, leo kushoto mwa tumbo, kesho kulia, kisha paja, kwani pakichomwa pale pale pana ota uvimbe ambao huzuia dawa kuingia sawasawa.

Yaliyo ndani ya uwezo wa jumuiya

Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali mkakati wa Shirika la Afya Duniani unaopeleka tiba ya magonjwa mazito yasiyoambukiza, kikiwemo kisukari cha aina ya kwanza na selimundu, kwenye hospitali za wilaya. Mfano wake ulijengwa katika wilaya za vijijini za Rwanda, ambako wauguzi waliofundishwa vizuri walionyesha kwamba si lazima mgonjwa aende mji mkuu kupata insulini na ufuatiliaji. Kwa Isingiro, maana yake ni safari chache za Mbarara, na zile zitakazobaki ziwe za macho, miguu na dharura.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2012 mpango wa kuoanisha usajili wa dawa. Mgonjwa wa Nakivale anaweza kuonyesha hatua inayofuata bila kuitisha mkutano: kadi moja ya mgonjwa kwa Kiswahili, yenye aina ya insulini, dozi, saa iliyoandikwa kwa maneno, na sukari iliyoandikwa kwa vipimo vyote viwili. Kadi kama hiyo ingesomeka Goma, Bujumbura, Kigali, Mbarara na Bukoba. Gharama yake ni karatasi.

Mambo mengine yanahitaji fedha: vipande vya kupimia viingie kwenye orodha ya vifaa vinavyotolewa pamoja na dawa, na mgonjwa wa insulini ahesabiwe kuwa mhitaji pale kaya zinapopangwa kwa ajili ya mgao wa chakula. Novemba 14, siku ya kuzaliwa ya Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari, na vituo vingi hupima watu bure. Anayeishi Nakivale au Mbarara na ambaye kiu haimwishi, au mwenye mtoto anayekonda bila sababu, asingoje Novemba. Kituo cha afya kinafunguliwa kesho asubuhi.